Nusu ya Dada Yangu

Nilimwibia dada yangu. Wacha niseme hivyo moja kwa moja, kwa sababu nimejaribu kuiita majina mengine na hakuna linalotosha.

Mimi ni fundi wa stima hapa Ruiru. Nilipata kazi ya kufunga waya kwa kampuni ndogo iliyokuwa inatengeneza vile vichwa vya kuunganisha nyaya za faiba, zile za intaneti. Mwenyewe tulimwita Enjinia. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa anatafuta watu wa kuweka pesa. Nikaweka akiba yangu yote. Halafu, kiherehere changu, nikamwendea dada yangu mkubwa kule Kiganjo, Thika.

Dada ni mjane. Alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi, na maziwa yao ndiyo ingekuwa karo ya Shiru, msichana wake aliyekuwa ameitwa kusomea unesi. Nikamwambia ng'ombe hufa, faiba haifi. Nikamleta ajionee. Enjinia akatuvua viatu, akatuvalisha makoti meupe, akamwonyesha dada ncha ya uzi wa kioo kwa hadubini.

"Naona kamwezi tu," dada akasema. "Lakini kama wewe unaelewa, wa maitu, mtoto wa mama yangu, hata mimi nimeelewa."

Akauza ng'ombe. Akaweka sawa na mimi.

Kampuni kubwa iliyokuwa imeahidi kununua vile vichwa ikageuka, ikasema vya China ni bei rahisi. Enjinia akanipigia.

"Fundi, nafunga. Kilichobaki kinatosha kumrudishia mmoja wenu yake yote, ama mgawane nusu nusu. Ongea na dada yako."

Nikamwambia sawa. Sikuongea na dada. Nilienda nikachukua yote, nikijiambia nitampa nusu yake kazi ikiingia. Nyumba yangu ilikuwa bado mabati matupu juu. Nikaweka siling, nikapiga plasta, nikaambia watu ni loni ya sako, kile chama chetu cha akiba.

Dada nikamwambia tumepoteza sisi wote. Alilia kidogo, halafu akanishika mkono.

"Pole, wa maitu. Hiyo ilikuwa jasho lako."

Aki ya Mungu, pole alinipa mimi!

Shiru hakuenda chuo. Sasa anafunga maua kwa grinhausi, vidole vimejaa alama za miiba, na bado hunisalimia kwa heshima. Zizi limekuwa la kuni. Enjinia, ambaye hakula shilingi ya mtu, dada humwita mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye anatafuta chawa kwa nguo ya mtu mwingine.

Huyo Enjinia naye kuna siku alinipigia kutoka kwao, akauliza dada alifanyia nini nusu yake. Nikamwambia alinunua ndama. Akafurahi sana, akauliza ni wa rangi gani. Nikasema wa madoadoa.

Siku hizi kila Jumapili, kanisa ikiisha, dada huniletea nduma na ndizi, kwa sababu anaamini nilimaliza kila kitu na bado nalipa loni. Mke wangu, ambaye pia hajui, hushukuru. Mimi hula. Wiki jana dada aliinua macho, akaitazama ile siling muda mrefu.

"Angalau Mungu alikuachia mahali pazuri pa kulala," akasema.

Nikamwongezea chai.

Nimejaribu kumwambia. Naanza, naita jina lake, yeye anageuka na ule uso wa kunihurumia, na nabaki nikiuliza habari za Shiru. Najichukia, na kujichukia hakujarudisha hata ng'ombe mmoja.

Nawe unayesoma, ukimwingiza mtu wako kwa biashara na ianguke, anguka naye. Hasara mtalia pamoja na itaisha. Usichukue mlango wa nyuma peke yako, hata kama una shida namna gani, maana utakula huruma yake mpaka ikushinde kumeza.

Kesho ni Jumapili. Mke wangu ashaweka sufuria ya kuchemshia nduma karibu na jiko, anamngojea dada.