Kugonga Mara Mbili

Alwin Brügge alikuwa mkimya tangu utotoni, kwa hiyo vita vilipokwisha na ukimya wake ukazidi, hakuna aliyeshtuka. Mkewe Meta peke yake ndiye aliyeona kwamba mtu akigonga mlango mara moja tu, Alwin husimama katikati ya chumba, kijiko mkononi, akingoja pigo la pili.

Aliendesha mashine kubwa ya kukandamiza bati katika kiwanda cha magari kando ya mfereji. Waliiita Shangazi. Ilikuwa pana na ndefu kiasi kwamba aliyeshika wenzo mbele hakumwona mwenzake aliyepanga bati nyuma. Ndiyo maana karakana ile ilikuwa na desturi yake: wa nyuma hugonga nguzo kwa spana mara mbili. Pigo la kwanza, bati liko sawa. La pili, mikono iko nje.

Mwaka wa nne wa vita, wa nyuma alikuwa Zenon, Mpolandi aliyetolewa kwao kwa nguvu na kulazwa ndani ya seng'enge. Siku ile msimamizi Harms alikuwa akifoka kwamba milango ya magari haijatimia idadi. Zenon akagonga mara moja. Alwin akavuta. Kabla jua halijachwa Zenon alikuwa amekufa, na katika kitabu cha ajali wakaandika "uzembe wa mfanyakazi." Alwin akatia sahihi, na kalamu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1946. Mabomu yalikuwa yamekula nusu ya paa, mvua ikinyesha hadi sakafuni, na Waingereza walioshika eneo lile hawakuwa wameamua: kiwanda kifufuliwe, au mashine zing'olewe zipakiwe kwenye mabehewa kuwa fidia ya vita. Alhamisi afisa wao angekuja kuiona Shangazi ikifanya kazi. Ikigoma, basi, mji mzima ungebaki mikono mitupu.

"Alwin, ndugu yangu, matumbo ya watu elfu saba yako kwenye mkono wako," alisema Harms. Ndiyo, Harms yuleyule, ila sasa alikuwa mpole.

"Nyuma atakuwa nani?"

"Kuno, yule mkimbizi wa mashariki. Ana mikono yote miwili, unataka nini zaidi?"

Alwin hakucheka.

Alhamisi ikafika. Afisa alisimama na koti lake lililolowa, mkalimani pembeni yake, mama wa watoto watatu wa mji huohuo. Nyuma ya mashine Kuno akagonga. Mara moja.

"Vuta basi!" Harms akanong'ona.

"Hajagonga."

"Kagonga, mzee! Umeziba masikio?"

"Mara moja."

Kuno akapaza sauti kutoka nyuma: "Mikono iko mfukoni, mzee! Vuta, baridi inatumaliza huku!"

Alwin akaachia wenzo, akamgeukia afisa. "Hapa nilimuua mtu. Jina lake Zenon. Tuliandika ni uzembe wake, na ni uongo. Hakuwa amegonga mara ya pili. Sahihi ni yangu."

Afisa akauliza jambo. Mkalimani akamtazama Harms, akawatazama watu waliojipanga ukutani na mashavu yao yaliyobonyea, kisha akasema maneno machache ya Kiingereza, akionyesha mashine na kusugua viganja.

Afisa akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

Alwin hakujua Kiingereza, lakini alijua kwamba mtu aliyeambiwa habari ya mauaji hatabasamu.

"Umemwambia nini, mama?"

"Kwamba mashine inangoja kupata joto," mkalimani akajibu, macho chini. "Nisamehe, Bwana Brügge. Vuta."

"Kuno," Alwin akaita, "gonga mara mbili."

Milio miwili ikasikika. Akavuta. Mlango wa gari ukatoka bila mkunjo, na watu wakapiga makofi huku wakilia.

Wiki ya tatu barua ikaja: kiwanda kisiguswe. Jioni hiyo mji wote ulikuwa barabarani. Meta alipakua supu ya kabichi, akamuuliza mumewe kama siku ile mbele ya afisa alisema ukweli kuhusu Zenon.

"Nilisema," akajibu Alwin.

Jirani aliyekuja kuwapongeza akagonga mlango, mara moja. Alwin akasimama katikati ya chumba, kijiko mkononi, akingoja.