Pedali za Baba Mkwe

Mwanangu, maana kwa umri wangu nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka mpaka leo, hata mlio wa feni ya kompyuta bado nausikia. Nilikuwa nimeoa si muda mrefu, tunaishi Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, mchana natengeneza mota kiwandani, na jioni zangu zote zilikuwa za helikopta. Usije ukamwambia mtu kwamba nilikuwa rubani. Ilikuwa ni programu ya kompyuta inayoigiza urubani. Unakaa mezani kwako, kioo kinakuonyesha milima na mabonde, na ukikosea unaanguka bila kuumia.

Sikufundishwa na mtu. Nilisoma, nikajaribu, nikakosea, nikaandika nilichokosea, nikajaribu tena. Ndivyo nilivyojifunza karibu kila kitu ninachokijua, na ni njia nzuri, ila ina ubaya wake mmoja ambao nitakueleza.

Kwanza nikuonyeshe mitambo yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Mkono wa kulia unashika jostiki, ile fimbo inayokiinamisha chombo mbele, nyuma na pembeni. Mkono wa kushoto unashika wenzo. Ukiuvuta juu, chombo kinapanda, ukiushusha, kinashuka. Miguu iko kwenye pedali mbili zinazogeuza pua kushoto au kulia. Sasa helikopta niliyokuwa nairusha ilikuwa na tabia moja. Kila ukivuta wenzo ili upande, pua hugeuka kulia yenyewe, na lazima mguu wa kushoto ukandamize pedali kuizuia. Ukichelewa, unazunguka kama pia ya watoto.

Jostiki niliipata ya mtumba. Wenzo niliutengeneza kwa kipande cha bomba la maji. Pedali sikuziona katika duka lolote la Morogoro, kwa hiyo nilichukua ubao mpana, nikautia bolti katikati ili uzunguke, mguu mmoja huku, mwingine kule. Kushoto ikienda mbele, kulia inarudi nyuma. Chini ya bolti nilifunga kile kidude kinachozungushwa kuongeza sauti, nilichokitoa kwenye redio mbovu, nacho kikawa kinaiambia kompyuta ubao umegeuka kiasi gani. Nikamalizia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vinavyouvuta ubao urudi katikati miguu ikiachia. Nilipima meza, nikapima kiti, nikapima umbali wa ubao kutoka kwenye kiti. Kila kitu kilinikaa kama nguo ya kushonewa.

Wakati huo baba mkwe wangu, Mzee Beatus, alikuwa amehamia kwetu. Alikuwa mkulima wa Mgeta, huko juu milimani, amelima kabichi na njegere kwenye miteremko ile maisha yake yote. Goti ndilo lililomleta Bigwa. Lori la mboga lingeweza kumrudisha mpaka barabarani, lakini kutoka barabarani hadi nyumbani kwake ni kupanda kwa miguu, na daktari alimkataza. Basi akawa anakaa barazani, ameielekea milima. Mwanzoni alikuwa anauliza habari za mvua huko juu. Baadaye akaacha kuuliza. Mke wangu Skolastika hilo la kuacha kuuliza lilimtia hofu kuliko goti.

Jumamosi hiyo mzee aliingia chumbani kwangu, akasimama nyuma ya kiti.

"Hiyo ndege ya mezani inakula nini?"

"Umeme tu, baba."

"Kama ni huu umeme wetu, utaanguka kabla ya Mzumbe."

Nilicheka, nikamwonyesha. Nikafuata barabara kubwa mpaka usawa wa Mzumbe, nikakata kushoto, nikaingia milimani. Programu haikuwa na nyumba wala mashamba ya huko. Ilikuwa na umbo la milima tu, limepakwa kijani. Lakini umbo lilikuwa sahihi. Mzee alisogea mpaka pumzi yake ikagusa sikio langu.

"Ule mgongo naujua," alisema. "Ukiuvuka ule, ni kwangu." Kisha akanigusa bega: "Niache nikae mimi."

Mwanangu, uelewe alichokuwa anakitaka. Alikuwa amekubali kwamba hatapanda tena kwao. Sasa ameona mlango, mdogo na wa mchezo mchezo, lakini mlango, na alitaka kuupita yeye mwenyewe.

Nilimpisha. Akavuta wenzo, helikopta ikanyanyuka, ikazunguka kulia, ikajipigiza chini.

"Tumekufa?"

"Tumekufa, baba."

"Basi tufufue."

Nilitufufua. Tukafa tena. Nilimwambia, "Mguu wa kushoto, baba, kandamiza." Akasema anakandamiza. Nikamwambia akandamize zaidi. Akauma meno, tukafa. Skolastika aliyekuwa anachambua mchele barazani akauliza huko ndani leo kuna misiba mingapi. Mzee akamjibu aandae tu chai ya waombolezaji.

Hapo tulikuwa bado tunacheka. Kilichofuata ndicho ninachotaka ukisikilize.

Nilichoka kumwangalia akishindwa. Nilijiambia namhurumia, lakini ukweli nilikuwa nimepungukiwa subira. Nikainama juu ya bega lake, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake wa kulia, mwingine kwenye wenzo, nikapenyeza mguu wangu mbele ya wake, nikairusha mimi. Niliirusha vizuri sana, kwa kweli. Nikauvuka ule mgongo, nikaisimamisha hewani, imetulia kabisa.

"Haya, baba," nikasema, "tumefika kwenu."

Mzee aliangalia kioo kidogo tu.

"Umefika wewe," akasema. "Mimi niko hapa hapa Bigwa."

Akatoa mkono wake chini ya wangu, polepole, akanyanyuka. Alipofika mlangoni akasema tena, bila ukali wowote, na ndiyo maana ilinichoma: "Watu wa kunibeba ninao, mwanangu. Binti yangu ananinyanyua kitandani asubuhi za baridi. Umepima meza, umepima kiti. Mimi hujanipima."

Akatoka, akakaa barazani, safari hii ameipa milima mgongo.

Skolastika akaja na ungo wake. "Umemfanyia nini baba?"

"Nimemfikisha Mgeta."

"Mbona amerudi na uso huo?"

Akaniambia kwamba baba yake amesema hatakaa tena kwenye meza ile, na kwamba yeye anamjua: akisema hivyo mara moja haondoi neno lake ila apewe sababu. Akarudi kwenye mchele.

Nilikaa pale peke yangu na ufundi wangu wote. Huu ndio ubaya wa kujifunza peke yako niliosema nitakueleza. Mwalimu ni wewe, mwanafunzi ni wewe, na kila kipimo unachukua kwenye mwili wako. Taratibu unaanza kuamini kwamba binadamu wote wana miguu yako.

Basi nikachukua kitenge cha mke wangu kwenye kamba, nikakifunga kwa nguvu kuzunguka paja na muundi wa mguu wangu wa kushoto, goti likabaki limekunjwa nusu, halikunjuki. Nikakaa kwenye kiti kile kile. Nikavuta wenzo.

Nikazunguka kama pia, nikafa.

Nilijaribu tena kwa akili zangu zote na uzoefu wangu wote, nikafa vile vile. Ule mpira wa tyubu, ambao kwa goti zima sikuwahi hata kuuhisi, ulikuwa unausukuma mguu wangu nyuma kama mtu anayefunga mlango usoni pako. Mzee alikuwa anakandamiza kweli. Alikuwa anakandamiza kwa goti bovu, kwa maumivu, na mimi nimesimama nyuma namwambia azidishe.

Skolastika alipita, akaniona.

"Na wewe goti?"

"Nampima baba."

"Kwa kitenge changu kipya."

Nilikiacha pale pale nikitafuta dawa. Kwanza nilitoa vipande vyote vya tyubu, ubao ukabaki pale unapouacha bila kubishana na mguu. Ikasaidia, haikutosha, goti bado lilitakiwa kukunjuka. Ndipo nikautazama ubao wenyewe. Ncha ya kushoto ikienda mbele, ya kulia inarudi nyuma. Kwa hiyo mguu wa kulia ukiweza kuvuta, si kusukuma tu, utafanya kazi ya miguu miwili. Nikachukua katambuga langu la zamani, kile kiatu cha tairi, nikalipigilia skrubu kwenye ncha ya kulia. Ukiingiza mguu humo, unasukuma na unavuta. Nikajaribu nikiwa bado nimefungwa kitenge. Helikopta ikanyanyuka, pua ikatulia.

Halafu kwenye programu nikapunguza wepesi wa jostiki, ili ikiguswa kidogo katikati isiitikie, maana mkono wa mzee ulikuwa na mtetemo mdogo ambao nilikuwa nauona kila siku anaposhika kikombe na sikuwahi kuufikiria.

Nilikwenda barazani, nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, nimekosa. Nisamehe. Naomba nikupime."

"Unipime nini?"

"Naomba mguu wako wa kulia."

"Mbovu ni wa kushoto."

"Najua, baba. Ndiyo maana naomba wa kulia."

Alinitazama, akakitazama kitenge ambacho nilikuwa nimesahau kukifungua, sasa kimelegea, kinaning'inia gotini. Akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. Akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama.

Sisemi kwamba alijua kurusha siku ile ile. Tuliendelea kufa kwa siku kadhaa. Lakini sasa alikuwa anakufa kwa kosa lake, na mtu hulipenda kosa lake, hulirudia, hulirekebisha. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni, mikono nimeikalia. Ndiyo, niliikalia kweli, kwa sababu ilikuwa inawasha.

Alasiri moja akafuata barabara, akafika usawa wa Mzumbe, akakata kushoto. Akapanda, akayumba, akapanda. Akauvuka mgongo wake. Chombo kilikuwa kinacheza huku na huku, hakikutulia kama changu, lakini kilibaki hewani. Skolastika alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wetu mchanga mgongoni.

"Pale," mzee akasema. "Pale ndipo nyumba ilipo. Waliochora hii wameisahau nyumba yangu."

"Wameisahau Mgeta nzima, baba."

"Afadhali. Wangechora wangekosea mlango."

Kisha akashusha wenzo ili atue uani kwake. Unaijua Mgeta, mwanangu. Uwanja wa kutua hakuna. Helikopta iligusa mteremko, ikateleza, ikabingirika mpaka bondeni. Nikafumba macho. Nikamsikia anacheka kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Kwetu ndivyo kulivyo," akasema. "Hata kabichi likikuponyoka, unalifuata bondeni." Akainua mguu wake wa kulia, akaurudisha vizuri kwenye katambuga. "Tufufue. Nataka nijaribu kule juu ya nyumba, kuna kijisehemu tambarare cha kuanikia maharage."

Jioni ile aliuliza kama huko juu mvua imenyesha.

Mwanangu, wewe siku hizi ndiye unayemwekea bibi yako simu, ndiye unayempangia baba yako luninga na kumfungulia mama akaunti. Nasaha yangu ni hii. Kabla hujamwekea mtu kitu, muulize mwili wake unaweza nini, na kama hajui lugha ya kukueleza, jifunge kitenge ujionee. Akishindwa, anza kukishuku chombo ulichokitengeneza kabla hujamshuku yeye. Na mkono wake ukiwa mzito, usimpore kazi kwa jina la huruma. Ni rahisi sana kumfikisha mzee mahali. Kumwacha afike mwenyewe kunataka ukae pembeni na kuvumilia, na huo ndio msaada atakaoukumbuka.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu walivyo, na subira isiyoisha njiani. Akujalie uzee wenye kazi ya mikono yako, na vijana watakaokuuliza kwanza. Amina.