Kioo cha Kwanza

Watu wakinisifu kwamba mimi ni fundi mwenye subira, huwa nanyamaza. Ukiniletea mlango wa gari uliovunjika kioo, nitaukalia kutwa nzima, na vijana wa gereji watanicheka kwamba mzee anachambua mchele. Wacha wacheke. Kuna kioo kimoja nilichokiweka haraka, na sijawahi kumweleza mtu habari zake. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa fundi katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Kisii, sijaoa bado, nimepanga chumba nyuma ya soko. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kazi ya ofisini Nairobi, mmoja wa wale waliokalia viti vya Wazungu walipoondoka. Gari lake lilikuwa kubwa, jeusi, la Kijerumani, lenye viti vya ngozi nyekundu, na watu wa kwetu upande wa Suneka walikuwa wakiacha majembe shambani waje kulitazama. Gari alikuwa nalo. Nyumba nyumbani hakuwa nayo. Kila akija na mkewe walilala loji mjini, mchana wakaja kwa wazee, wakanywa chai, wakarudi. "Jenga hata kibanda, mwanangu," baba alimwambia mara nyingi. Kaka alijibu kwamba atajenga nyumba ya mawe, na ya mawe haitaki haraka.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiye Mgusii atatuona wendawazimu. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya, lakini ni haya yenye mipaka kama shamba. Mtoto wa kiume akishaoa, baba yake haingii tena nyumbani kwake. Hata mvua ya mawe ikinyesha, atasimama nje na kuita. Wala mwana huyo hawezi kulala na mkewe chini ya paa la baba yake. Hatukufundishwa haya kwa kitabu, tulikua tukiwaona wazee wakizunguka nje ya nyumba za wana wao. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli. Aliacha pombe, aliacha kafara, akachoma mpaka hirizi alizoachiwa na babu. Chinsoni hakuiacha, na hakuna mchungaji aliyethubutu kumwambia aiache.

Wiki hiyo kaka alikwenda Tabaka, kwa wachongaji wa mawe, kumnunulia mkubwa wake wa ofisini kiboko wa kuchonga, wa lile jiwe lao laini. Laini kwa patasi, lakini uzito wake ni wa jiwe. Hakutaka kiboko alikwaruze buti la gari, kwa hiyo akamfunga kwa gunia, akamweka kwenye kiti cha nyuma kama abiria. Walipofika penye mashimo, kiboko akabingirika na kugonga kioo cha mlango wa nyuma wa kulia. Kaka aliingia gerejini kwetu akiwa na chembe za kioo mpaka kwenye mifuko ya koti. "Afadhali kiboko hakuumia," nilimtania, naye akanitazama kwa jicho baya.

Alipiga simu Nairobi, wakamwambia kioo kitakuja kwa basi. Siku za kungoja, gari lililala gerejini ndani ya geti, nao wakalala loji. Ijumaa alasiri kioo kikafika, kimefungwa kwa blanketi na kamba ya katani. Mhindi alikuwa anafunga kazi mpaka Jumatatu, basi kaka akasema nikakiweke nyumbani, naye awaone wazee. Kabla jua halijazama wangerudi loji na gari lao zima, Sabato wakashinda kanisa la mjini, na Jumapili asubuhi wakaja kuaga. Mpango ulikuwa mzuri. Nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko Sala ya Bwana.

Kuweka kioo cha mlango si kazi ya nguvu. Kioo cha gari kikivunjika hakiwi vipande, kinakuwa chembe kama chumvi ya mawe, nazo zinaingia kila mahali. Zile za chini ya mlango ni rahisi kuzitoa. Mbaya ni zile zinazojificha ndani ya mfereji wa mpira, ule ambao kioo hupandia na kushukia. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa akisema kwamba kioo kipya hakiuawi na nyundo, kinauawa na chembe. Kwa hiyo mpira unaungoa wote, unauosha, unaupapasa kwa kidole, ndipo unaurudisha. Hiyo peke yake ni saa nzima.

Nikatazama jua. Lilikuwa limeshafika kwenye vichwa vya migomba ya jirani. Mama alikuwa ameepua chakula cha kesho, kwa maana Sabato moto hauwashwi kwa ajili ya kupika. Baba alikuwa ameshanawa, amekaa kwenye kigoda na kitabu chake cha nyimbo, anaitazama mikono yangu. Ijumaa jua likizama, kwetu bisibisi huwekwa chini hata kama imebaki skrubu moja. Nikapitisha brashi kwenye mfereji, nikapuliza kwa mdomo, nikajiambia inatosha.

Kioo kiliingia vizuri. Nikazungusha mkono wa kukipandisha, kikapanda mpaka robo tatu, kikakwama. Nikakisaidia kwa kiganja, kidogo tu. Kilitoa sauti ya mchele unaomwagika, na chote kikawa miguuni pangu.

Kaka alikuwa jikoni na mama. Alikuja mbio. "Nini tena?"

"Kimekuja na ufa," nikasema. "Makuli wa basi wamekirusha."

Uongo ule ulitoka kabla sijauita. Kaka akawalaani makuli, akina mama zao na basi lenyewe, mpaka baba akakohoa. Jua likazama tukiwa tumesimama pale.

Sasa ikawa hivi. Baba hakuruhusu injini iwashwe uani kwake siku ya Sabato. Gari lenye dirisha wazi haliwezi kuachwa peke yake, viti vile vya ngozi vingekuwa vimetembea kabla ya asubuhi. Kibanda changu cha ujana kilikuwa kimebomoka paa, mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda kulala kwa binamu. Kaka akasema yeye na mkewe watalala garini, walinde mali yao. Shemeji alikuwa Mgusii mwenzetu wa Nyamira, aliyelelewa vizuri. Alisita.

"Hapa ni uani kwa baba mkwe," alisema polepole.

Kaka alicheka. "Umeona wapi nyumba yenye magurudumu?"

Nami nikacheka. Ningeweza kusema neno, maana nilijua alichomaanisha shemeji. Lakini mtu mwenye uongo mbichi mdomoni hapendi kuongea sana. Nikawabandikia karatasi ya nailoni dirishani, nikaenda zangu kwa binamu.

Asubuhi ya Sabato nilimwona baba akitoka kwenda kanisani. Njia ilipita kando ya gari. Alifika karibu, akaona shuka limeanikwa juu ya mlango na vioo vyote vimejaa ukungu wa pumzi. Akageuka. Akazunguka nyuma ya jiko, akapita kwenye mbolea ya ng'ombe na viatu vyake vya kanisani. Nilifikiri anakwepa tope. Mjinga hakosi sababu.

Wakalala humo na usiku wa pili, maana gereji ya Mhindi ilikuwa imefungwa, na loji haikuwa na geti la kulinda gari lenye dirisha wazi. Jumapili kulipopambazuka, ngiri ya baba ikamkaba. Alikuwa nayo miaka mingi. Ikitoka aliirudisha kwa kiganja na kuendelea kulima. Safari hii haikurudi. Uvimbe ulikuwa mgumu, anatapika, jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa. Mama alikuja kutuita bila kupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Kaka aliwasha gari, akalirudisha nyuma mpaka mlangoni, shemeji akatandika blanketi kwenye kiti. Kwa gari lile, hospitali ya Kisii haikuzidi nusu saa.

Tulimtoa baba tumemshika huku na huku. Alipofika kwenye mlango wa gari akasimama.

"Siingii humo."

"Tata, unaumwa," kaka alisema. Tata ndiye baba kwetu, na mama tunamwita baba, Waswahili watusamehe. "Kaa mbele. Sisi tulilala nyuma. Mbele hapajaguswa."

"Nyumba haina mbele na nyuma," baba akasema. "Mtu akilala na mkewe mahali, pale ni kwake. Umejenga, mwanangu. Mimi siwezi kuingia."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira tungembeba kwa nguvu, na nadhani Mungu angetusamehe. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mto umejaa na haupitiki. Kaka alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Nairobi. Shemeji aliona aibu, akakimbilia kwenye migomba, tukamsikia akilia huko. Nikajaribu na mimi. "Tata, hili ni gari tu. Mungu anaona."

"Mungu anaona," alikubali, huku akinitazama. Mpaka leo sijui alikuwa anakubali nini.

Zamani kungekuwa na njia. Mnyama angechinjwa, wazee wangesema maneno yao, jambo likaoshwa na watu wakaendelea. Sisi tulikuwa tumeacha kafara, tukabaki na aibu. Dini ilichukua dawa ikatuachia ugonjwa. Nasema hivi na bado ni Msabato, na kesho kutwa nitakuwa kanisani.

Tulimlaza kwenye kitanda chake cha kamba, tukakibeba wanaume wanne mpaka barabara kubwa. Kila tulipoteleza alishika pembe ya kitanda na kusema pole kwetu sisi. Barabarani tulingoja sana. Magari ya Jumapili yalikuwa machache. Mwishowe lori la ndizi likasimama, tukampandisha juu ya mikungu, mama akamshika kichwa. Nilikaa miguuni pake. Nikitazama nyuma niliona gari la kaka likitufuata, jeusi, limeng'aa kwa umande, kiti cha nyuma kitupu, ile nailoni yangu ikipigapiga dirishani. Lilitufuata hivyo mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka. Alimpapasa baba tumbo, akatuuliza maumivu yalianza saa ngapi. Tulipomwambia, akachungulia nje, akaliona gari. "Si mnalo gari? Mlikuwa mnangoja nini?" Kiswahili chetu kilikuwa cha shuleni na cha sokoni, hakikuwa na neno la jambo lile. Mama ndiye aliyejibu, kwa Kigusii, na daktari hakuelewa. Walimpasua baba saa saba mchana. Utumbo ulikuwa umeshaoza, na jioni akafariki.

Kioo cha pili kilifika Jumatano, siku moja kabla ya mazishi. Kaka aliniomba nikiweke, maana wageni wangekuja na hakutaka waione ile nailoni. Nikaungoa mpira wote. Nikauosha, nikaupapasa kwa kidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na penye kona ya juu nikaipata chembe moja, ndogo kuliko punje ya wimbi. Niliishika kiganjani kwa muda, kisha nikaitupa chooni. Kioo kikapanda mpaka juu bila kusita.

Kaka aliliuza gari kabla mwaka haujaisha. Akajenga nyumba ya mawe nyumbani, vyumba vitano, na watoto wake hawakuizoea. Kila Desemba alikuja kulala humo, yeye na shemeji, na kila Desemba alikaa kibarazani akitazama mahali gari lilipokuwa limesimama. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Mama hakuwahi kumtajia jambo lile mpaka naye akafa. Lakini kaka alijihukumu, na kifungo chake hakikuwa na mwisho.

Alipougua, alilazwa hospitali ile ile. Nilikuwa nakwenda kumlisha uji. Siku moja alisukuma kijiko, akaniuliza kama mtu aliyekuwa akilifikiria jambo tangu asubuhi.

"Kile kioo cha kwanza. Ufa wake ulikuwa upande gani?"

Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kulitayarisha jibu. Sote tulikuwa wazee, baba alikuwa amesamehe au hakusamehe, na kweli isingemnyima mtu chakula.

"Chini," nikasema. "Kwenye kona."

Akatikisa kichwa. "Makuli wale," alisema, bila nguvu. Kisha akageukia ukutani. "Lakini si wao. Ni mimi niliyemuua tata. Ningejenga hata kibanda."

Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Nikamfunika blanketi, nikamalizia uji wake.