Skuli Huchunguzwa Kama Mchumba

Mwaka wa kumchagulia binti yangu shule ya sekondari, niliugua ugonjwa wa orodha. Nikitoka kwenye zamu yangu ya kutunza wazee, nilikaa na kompyuta nikizipanga shule kwa matokeo ya mitihani, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha nazipanga upya. Kundi letu la simu la akina mama wa Kizanzibari nalo halikuwa na utulivu. "Shoga, ile ya pili imeshuka!" anaandika mmoja, na sote tunapaliwa na chai.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu moja tu. Binti yangu alikuwa ameanza kunyamaza. Nyumbani anaongea hadi umwambie basi, lakini akitoka nje anavuta kofia ya koti na kujibu kwa kichwa. Bibi yake akimsemesha Kiswahili ndani ya basi, alinong'ona, "Bibi, not here." Niliogopa shule kubwa itammeza mzima mzima. Nikajipa moyo kwamba shule ya kwanza kwenye orodha itajua la kufanya, maana si bure imekuwa ya kwanza.

Bibi huyo ni mama yangu, na tunaishi naye huku ughaibuni, mtaa wa Kilburn. Alinivumilia siku tatu.

"Wewe ulipoposwa," akaniuliza, "mimi nilisoma karatasi?"

"La, mama."

"Nilifanyaje?"

Nilijua alivyofanya. Alimtuma shangazi yangu akae kwenye duka lililotazamana na nyumba ya akina mume wangu, anunue sukari robo robo na kutega masikio.

"Sifa za mchumba haziulizwi kwa mamake. Atakwambia nini?" Akakiokota kijitabu chenye kung'aa cha ile shule ya kwanza, akajipepea nacho. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama, kila shule ina kijitabu."

"Basi n'takwenda mwenyewe."

Kesho yake alasiri, wakati wanafunzi wanatoka, alivaa buibui lake, akachukua kadi yake ya wazee ya kupandia basi bure na kigari chake cha sokoni, akapanda basi linalopita mbele ya shule ya kwanza. Siku iliyofuata akapanda la shule nyingine, iliyokuwa katikati ya orodha, ambayo mimi nilikuwa naipita bila hata kulisoma jina lake.

"Wale wa kwanza wana adabu," alinipa ripoti jikoni. "Wameniinukia watatu kwa pamoja. Kisha kila mtu na simu yake, kimya, utadhani wanatoka mazikoni."

"Na wale wengine?"

Hapo alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kelele! Mmoja kaninyang'anya kigari, nikasema leo nimeibiwa, kumbe ananipandishia. Mwengine anamfokea dereva asiondoke, bibi hajakaa. Kisha wakaniuliza muhogo wangu wa kigarini unapikwaje."

"Ukawajibu kwa Kiingereza gani?"

"Kwa Kiswahili. Walifahamu."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia mtoto haendi kusoma basi, anakwenda kusoma hesabu.

"Hesabu anazijua," mama akasema. "Sauti ndiyo hana."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikaenda na mtoto kuitazama ile shule ya katikati huku nimenuna. Msichana aliyetutembeza madarasani alimuuliza binti yangu maswali kama kumi hivi, naye, bila kunitazama, akajibu manane. Jioni ile nilijaza fomu ya kaunsili, halmashauri ya mji inayogawa nafasi, nikaiweka shule ile mbele ya zote. Kwenye kundi waliniuliza kama nina homa.

Alipata nafasi. Mwezi wa pili wa masomo, mama akanivuta tukapande basi lao, kwa sababu, alisema, mke akishaolewa hutembelewa. Tulipopanda, basi lilikuwa limejaa sare za shule. Binti yangu alikuwa amekaa katikati ya wenzake, kofia imeteremka mgongoni. Nilimfinya mama asimwite, niliogopa kumwaibisha. Lakini mtoto aliinua macho akatuona, kisha akawatazama rafiki zake.

"Driver, wait!" akapiga kelele, kisha akasimama. "Bibi! Bibi, njoo ukae hapa!"

Basi zima lilisikia. Wenzake wakapokea kigari, wakampisha njia, mmoja akauliza leo kuna muhogo au hakuna. Mama alikwenda kuketi polepole, shingo juu, kama mama wa bwana harusi. Mimi nilibaki nimeshika nguzo ya basi hadi Kilburn, nacheka huku machozi yananitoka, na hakuna hata mmoja aliyeniinukia.