Supu Iliyomlowesha Mzee Okelo

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu kijana wa bayolojia huko Uriri, na siku ya wazazi mwalimu mkuu akaniambia nionyeshe sayansi kidogo. Nami, badala ya kuchukua jani na lenzi kama watu wenye akili, nikaamua kueleza jinsi viumbe vya kwanza vilivyopata nguvu kabla oksijeni haijakuwepo hewani (mada niliyoielewa nusunusu). Mbele kabisa alikaa Mzee Okelo kutoka Karungu, mzee wa kanisa la Sabato, baba yake Akinyi, msichana niliyetaka kumwoa. Nilikuwa nimeshapeleka posa, nasubiri jibu.

Asubuhi nilitia maji vuguvugu, sukari nguru na hamira kwenye chupa ya plastiki, maana hamira nayo huvunja sukari bila hewa, kama vile viumbe vya kale. Kitabu kilisema mdomo wa chupa uvalishwe puto la kupokea gesi. Puto sikuwa nalo, nikakaza kifuniko.

“Uhai ulianzia kwenye maji kama supu,” nikasema.

“Supu hiyo nani alipika?” akauliza Mzee Okelo.

“Hakuna, mzee. Ilijipika.”

“Na huyo wa kwanza alikula nani, kama alikuwa peke yake?”

Nikasema alikula supu, halafu nikasema yeye ndiye alikuwa supu, halafu sikujua tena ninasema nini, nikainua chupa, nikaitikisa. “Tazameni, inapumua!”

Pu! Kifuniko kikagonga mabati, povu lote likatua kwenye shati jeupe la Mzee Okelo, na mama mmoja akanusa, akapiga kelele: “Yawa, mano kong'o! Hiyo ni pombe!”

“Si pombe!” nikajitetea. “Ni mababu zetu!”

Mzee akajipangusa kifua. “Mwalimu, mababu zangu ni pombe?”

Akaondoka akipita katikati ya soko na harufu ile, na Sabato iliyofuata ilibidi mwalimu mkuu aende kanisani kushuhudia kwamba mzee hakuonja hata tone.

Akinyi nilimwoa, baada ya kungoja sana, na siku ya harusi baba yake alikataa katakata kukaa karibu na kreti za soda. Tangu hapo mwanafunzi akiniuliza kitu nisichokijua, nasema sijui, na mikono naitia mfukoni.