Mdeki Kwanza

Muuza magobori wa milima ya Tennessee hakusalimii wala hasikilizi bei mpaka adondoshe mdeki, ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Unampa bunduki, anaelekeza mtutu kilimani, anaudondosha ule ufito ndani, anatega sikio. Chuma kikilia huko chini, *tin*, ndipo anapotabasamu na kukuita ndugu. Wateja humcheka.

Delbert Rusk naye alimcheka. Alikuja kununua gobori jipya la gumegume, linalowashwa kwa cheche za jiwe, lililotengenezwa kwa mfano wa yale ya walowezi wa kale, na alileta la marehemu baba yake wabadilishane. “Mzee, hilo limetundikwa ukutani miaka nenda miaka rudi. Unalipigia ramli ya nini?”

Mzee akaelekeza mtutu kilimani. Mdeki ulishuka, ukagota, *du*, kama umegonga gogo bichi. Akautia alama kwa kidole gumba chenye weusi wa baruti, akauchomoa, akaulaza ubavuni mwa mtutu. Ulikuwa umeishia njiani, kiganja kizima kabla ya kufika chini.

“Baba yako alilitundika likiwa limeshindiliwa,” alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kunong'ona. “Baruti na risasi, vyote vimo. Nani amelishika leo?”

“Binti yangu,” Delbert alisema. “Tukija na gari, yeye kiti cha nyuma, mimi nikiendesha. Alikuwa anafyatua lile jiwe aone cheche.”

“Akilenga wapi?”

 Mkono wa Delbert ulipanda wenyewe, ukashika kisogo chake mwenyewe.