Kifuniko Kisichofunguliwa Mpaka Rutamba

Swala ya alfajiri imekwisha, na mkeka wa Esha Kondo bado umetandikwa uani kwake, Kiswere. Amepiga magoti tena, safari hii mbele ya sanduku la mbao, akipanga changu na tasi juu ya barafu iliyopondwa. Tabaka la barafu, tabaka la samaki, kisha barafu tena.

"Bismillahi," anasema, na kushusha kifuniko.

Nje anasubiri Dominick, kijana anayembebea mizigo kwa pikipiki ya matairi matatu.

"Shikamoo, Mama Yassini. Leo tunabeba samaki au tunakwenda kuzika?"

"Marahaba. Tunakwenda kulizika joto, mtani wangu. Shika upande huo, acha maneno."

Kweli sanduku linafanana na jeneza. Lina kuta mbili, na kati yake imejazwa sufi, ile ile ya mito ya kulalia. Ndani kuna nailoni nzito, maji yasilowanishe sufi. Nje limepakwa chokaa ili lisinywe jua, na juu yake hufunikwa gunia lililoloweshwa.

Esha, mwenye umri wa miaka 47, huuza samaki Rutamba, mbali na bahari. Mteja wake mkubwa ni Flora, mama lishe wa huko. Mara mbili Flora amewakataa samaki wake kwa kulegea. Mara ya pili Esha alipoteza shilingi 85,000, mtaji wake wote, akaanza upya kwa mkopo wa kikundi.

"Aliniambia, 'Wewe ni rafiki yangu, lakini wateja wangu hawali urafiki. Nikirudisha tena, ndiyo mwisho,'" anasimulia Esha.

Wazo la sanduku alilipata katika darasa la jioni la watu wazima, alikojiunga baada ya kuishia darasa la nne utotoni. Huko Mwalimu Erasmo aliwafundisha jinsi joto linavyosafiri, na jinsi hewa iliyotulia ndani ya sufi inavyolichelewesha.

"Nilidhani baridi ndiyo inayotoka," anasema. "Kumbe joto ndilo linaloingia, kama mgeni asiyebisha hodi."

Lakini hata baada ya kulitengeneza sanduku, barafu iliendelea kuishia njiani. Ndipo samaki wa mara ile ya pili walipokataliwa. Alibadilisha sufi, akaongeza chokaa, wapi! Mwishowe akamwita mwalimu. Erasmo alizipapasa kuta, hakuona kasoro. Akauliza, "Njiani mnalifungua?"

Walikuwa wakilifungua kila waliposimama. Mama mwenye mtoto wa homa aliomba kipande cha barafu. Mzee alitaka maji ya baridi. Mwingine alitaka kuona samaki tu. Kila kifuniko kilipoinuliwa, hewa ya moto iliingia.

"Kwetu ukiombwa maji ukanyima, hata dua zako unaziogopa," anasema Esha. "Nikamwuliza Mungu, nitapataje riziki kwa kuwafungia watu?"

Aliomba kwa siku kadhaa. Jibu lilimjia akiosha vyombo: alikuwa na mbao zilizobaki. Akaunda kisanduku kidogo cha barafu tupu, cha kugawa. Lile kubwa halifunguliwi mpaka Rutamba.

Leo ndiyo safari ya kwanza ya masanduku mawili. Kwenye kituo kimoja, mzee mmoja analigonga lile kubwa.

"Tuonyeshe basi, au samaki wa serikali?"

"Wa Flora hao, babu. Wewe chukua barafu hii, unywe maji."

Mzee anacheka, anakinga kikombe. Esha anacheka naye, ila mkono wake mwingine haubanduki kwenye kifuniko.

Rutamba jua linachoma. Dominick anagusa chuma cha pikipiki, anautoa mkono haraka. Flora amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Esha anafungua, midomo yake ikitikisika kwa dua.

Flora anainua changu, anafunua mashavu. Mekundu. Anabonyeza mgongo kwa kidole, nyama inarudi.

"Hawa wa leo?"

"Wa jana jioni."

"Mama Yassini! Njooni muone!" Flora anawaita wapishi wenzake, samaki mkononi, kifuniko wazi.

"Funga kwanza, mwenzangu! Mengine tutaongea kifuniko kikiwa chini."

Wanakubaliana: mzigo kila Jumatatu na Alhamisi. Esha anakaa kwenye kivuli cha kibanda na kulitaja jina la Mola wake, taratibu, mara nyingi.

Sasa anataka kuunda sanduku jingine, la kwenda Njinjo, mbali zaidi.

"Kule samaki wa bahari wanamjua akiwa mkavu," anasema. "Inshallah, mwakani watamjua akiwa na damu mashavuni."